Bibi Florence Nightingale na Hewa ya Nyumbani

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi pana moto. Neno hili nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, na siku zote nilidhani maana yake yaishia hapo. Majuzi nilipokwenda Ekero, jirani na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, niliona kuwa neno hilo lina mkia wake: pafukapo moshi, pana na kifua cha mtu.

Nilikwenda huko kumzuru rafiki yangu wa siku nyingi. Tulifanya kazi ya uandishi pamoja Mombasa, kisha yeye akarejea kwao kulima. Sisi watu wa pwani tuna udugu wa zamani na nchi ile ya Wawanga. Katika karne ya 19 misafara ya babu zetu ilipita hapo ikielekea Uganda, na Nabongo Mumia akaipokea na kuipa mahali pa kutua. Nabongo huyo alifariki mwaka wa 1949, lakini hata leo ukiwa Mumias utaisikia adhana, na utakutana na watu ambao Kiswahili chao kina harufu ya chumvi ingawa bahari iko mbali nao mwendo wa siku nzima kwa gari. Hata hivyo, si Nabongo ninayetaka kumsimulia leo. Nataka kumsimulia mwanamke wa Kiingereza ambaye maisha yake niliyahadithia usiku mmoja huko Ekero, nikiwa nimeketi karibu na mlango ili nipate kupumua.

Sababu ni hii. Mama mzazi wa rafiki yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani bibi, ana jiko lake lililo mbali kidogo na nyumba kubwa. Zamani jiko hilo lilikuwa la udongo na paa la nyasi, na baina ya ukuta na paa palikuwa na uwazi unaozunguka nyumba nzima. Moshi wa mafiga ulipanda, ukajipenyeza katika nyasi na katika ule uwazi, ukaenda zake. Miaka michache iliyopita wanawe walichanga fedha wakamtengenezea jiko lile. Walitia mabati, wakaziba uwazi wote kwa matofali ili mvua na wezi wasiingie, wakaweka dirisha moja dogo ambalo Kukhu hulifunga kwa gunia wakati wa baridi. Mafiga yakabaki yale yale matatu, na kuni zile zile. Msimu wa mvua Kukhu hulala humo humo pamoja na kitukuu chake cha miaka 2, kwa kuwa mna joto. Mtoto yule alikohoa usiku kucha.

Rafiki yangu alikuwa ameshasema na mamake mpaka akachoka. Mama naye alikuwa na hoja zake, na wala si hoja za kijinga. Moshi hufukuza mbu. Moshi hukausha mahindi yaliyotundikwa darini na kuzuia wadudu. Moto hupasha mifupa ya mzee. Isitoshe, yeye alilelewa katika moshi na leo ana wajukuu wengi. Mtu mwenye hoja kama hizo humwambii kitu kwa ukali. Basi mjukuu wake mmoja, binti anayesomea uuguzi, alipolitaja jina la Florence Nightingale wakati wa chakula, nami nikaona mlango umefunguka. Kukhu alitaka kujua huyo ni nani hata picha yake itundikwe katika shule ya wauguzi. Nikaanza kusimulia, na haya ndiyo niliyoyasimulia, pamoja na machache niliyoyaongeza kwa ajili yako, msomaji wangu.

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, na ndiko jina lake lilikotoka. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri waliokuwa safarini. Dadake mkubwa, aliyezaliwa Naples, alipewa jina la kale la mji huo, Parthenope. Walipokwisha safari zao walirudi Uingereza, na huko familia ilikuwa na majumba mawili makubwa, Lea Hurst kaskazini na Embley Park kusini. Baba aliwasomesha mabinti zake mwenyewe: Kiyunani, Kilatini, historia na falsafa. Florence akapenda zaidi hesabu. Likumbuke jambo hilo la hesabu, maana ndilo lililomfanya awe yeye.

Alipofika umri wa miaka 16 alihisi kuwa Mwenyezi Mungu amemwita kwa kazi, ingawa hakujua ni kazi gani. Baadaye akajua kuwa ni kuuguza wagonjwa. Nyumbani kukawa na msiba. Zama hizo hospitali za Uingereza zilikuwa mahali pa maskini, na muuguzi alidhaniwa kuwa mlevi na mtu asiye na heshima. Binti wa nyumba kubwa kuomba kazi hiyo ilikuwa kama binti wa sharifu kuomba kwenda kuuza tembo. Mama akalia, dada akazimia, posa nzuri zikaletwa. Florence alizikataa zote. Alisafiri hadi Misri katika mwaka wa 1849 na 1850, akapanda Mto Nili, na wakati wa kurudi akapita Kaiserswerth nchini Ujerumani, kwenye nyumba ya wanawake Wakristo waliokuwa wakiuguza maskini. Mwaka wa 1851 alirudi huko akajifunza kazi kwa miezi mitatu. Mwaka wa 1853, akiwa na miaka 33, alipewa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Alingoja karibu miaka 17 tangu alipoitwa hadi alipoanza kazi.

Hapo vita vikaja. Uingereza, Ufaransa na dola ya Uturuki ziliungana kupigana na Urusi katika rasi ya Crimea. Magazeti ya London yakaanza kuandika kuwa askari waliojeruhiwa wanakufa kama kuku kwa kukosa uangalizi. Sidney Herbert, waziri aliyehusika na mambo ya vita na rafiki wa Florence, alimwomba aende. Tarehe 21 Oktoba, 1854, aliondoka London na wanawake 38, na mapema Novemba wakafika Scutari, mahali ambapo Waturuki wenyewe hupaita Üsküdar, ng'ambo ya mji wa Istanbul upande wa Asia.

Hospitali waliyoikuta haikujengwa iwe hospitali. Ilikuwa kambi ya askari wa Sultani iliyoitwa Selimiye, jengo kubwa mno la mraba, nalo Waturuki waliwaazima Waingereza. Ukilitazama kwa mbali ungelisifu. Lakini humo ndani vitanda vilipangwa kwa maelfu katika vyumba na katika njia za kupitia, baina ya kitanda na kitanda pasipite mtu. Chini ya jengo mlikuwa na mifereji ya maji machafu iliyoziba, na mvuke wake ulipanda kupitia vyooni ukaingia walimolala wagonjwa. Madirisha yalifungwa kwa hofu ya baridi. Hewa iliyotolewa na mapafu ya mmoja ikavutwa na mwenzake, na hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Bibi Florence akafanya kazi kama punda, na husema hivyo kwa kumsifu. Alinunua mashati, mito, sabuni na vyombo, akapanga chakula, akaajiri wafuaji nguo, akawaandikia barua mama za waliokufa. Usiku alitembea baina ya vitanda akiwa na taa mkononi, na kwa sababu hiyo dunia nzima ikamwita bibi mwenye taa. Hadithi nyingi juu yake hukomea hapo. Mwalimu aliyetufundisha habari zake nilipokuwa mdogo alikomea hapo pia, akatuacha tukiamini kuwa ile taa ndiyo iliyoponya watu.

Sivyo, msomaji. Taa ilifariji lakini haikuponya. Katika majira yale ya baridi ya kwanza walikufa Scutari askari zaidi ya 4,000, na walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi wa Februari mwaka wa 1855, yaani miezi mitatu tangu Florence na wenzake wafike na sabuni zao, watu 42 kati ya kila 100 waliolazwa walikuwa wakifa. Mashati yalikuwa safi na mchuzi ulikuwa wa moto, na watu wanakufa.

Machi mwaka huo ilifika tume ya usafi iliyotumwa na serikali, na ndani yake walikuwamo daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Wao hawakuanza na wagonjwa, walianza na nyumba. Walizibua mifereji, wakazoa taka kwa mikokoteni, wakatoa mizoga, ukiwamo wa farasi uliokuwa katika njia ya maji ya kunywa, wakapaka kuta chokaa, wakapunguza msongamano na kutengeneza njia za hewa kuingia na kutoka. Kufikia Juni waliokuwa wakifa walikuwa watu 2 tu kati ya kila 100.

Nilipofika hapa Kukhu aliinua uso. Nilimwona akiyatazama mafiga yake, kisha akanitazama mimi, wala hakusema neno. Nikaendelea.

Florence alirudi Uingereza mwezi wa Agosti mwaka wa 1856. Alikataa mapokezi ya shangwe akaingia kwao kimyakimya. Nchi nzima ilimwona shujaa. Yeye mwenyewe wakati huo aliamini kuwa askari wale walikufa kwa sababu ya chakula kibaya na kuchelewa kufikishwa hospitalini. Kisha akaketi na William Farr, bingwa wa takwimu wa serikali, wakazipitia hesabu za vifo hospitali kwa hospitali na mwezi kwa mwezi. Hesabu zikamwonyesha jambo ambalo si rahisi kwa mtu kulitazama. Nyumba ile aliyoisimamia kwa mapenzi, akakesha ndani yake, ndiyo iliyokuwa ikiwaua watu wake. Alikuwa akiwatia shuka safi katika hewa yenye sumu.

Fikiri, msomaji, ni wangapi wetu wangeificha karatasi ile. Jina lake lilikuwa limekwisha kuimbwa mitaani, na hakuna aliyekuwa akimwuliza swali. Angeweza kuzifungia hesabu sandukuni na kuishi na sifa zake mpaka kaburini. Yeye alifanya kinyume chake. Aliandika ripoti ndefu ya mamia ya kurasa, na mwaka wa 1858 akachora ule mchoro wake mashuhuri wa duara lililokatwa vipande 12, kipande kwa kila mwezi, ili hata mbunge mvivu aelewe kwa kutupa jicho. Rangi ya buluu ilionyesha waliokufa kwa maradhi yanayozuilika, nyekundu waliokufa kwa majeraha, nyeusi waliokufa kwa sababu nyinginezo. Buluu iliimeza karatasi nzima. Mwaka huo huo alikubaliwa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza, mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Halafu akauliza swali la pili: je, wakati wa amani mambo yakoje? Akakuta kuwa askari waliolala katika kambi zao kuukuu ndani ya Uingereza yenyewe, vijana waliochaguliwa kwa uzima wa miili yao, walikuwa wakifa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Hawakuwa vitani, walikuwa wamelala. Vyumba vya kambi vilikuwa vya zamani, vimejaa watu, na usiku kila tundu lilizibwa kwa ajili ya baridi. Yeye, Sidney Herbert na daktari Sutherland wakaisukuma serikali mpaka ikakubali kuzitengeneza kambi hizo. Kapteni Douglas Galton, aliyemwoa binamu yake Florence, akabuni meko ya ukutani yenye njia mbili: moja ya kutolea moshi nje, na nyingine ya kuvuta hewa safi kutoka nje, ikapashwa joto nyuma ya meko ndipo iingie chumbani. Mtu akapata joto bila ya kunyimwa pumzi. Tangu hapo vifo makambini vikaanza kushuka.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1860 kilitoka kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, Notes on Nursing. Hakukiandikia madaktari. Alikiandikia mama yeyote ambaye siku moja atakuwa na mgonjwa nyumbani, na hakuna asiyekuwa naye. Jambo la kwanza kabisa katika kitabu hicho si dawa wala chakula, ni hewa: anayopumua mgonjwa ndani iwe safi sawa na ya nje, bila ya kumtia baridi. Sura ya pili ni ya afya ya nyumba, na humo alihesabu mambo matano: hewa safi, maji safi, njia ya maji machafu, usafi na mwangaza. Aliwaonya pia wenye nyumba kubwa wanaofungua mlango wa ndani wakadhani wamefungua dirisha, kumbe wanavuta hewa chafu ya ukumbini na jikoni na kuileta chumbani.

Sitaki nimsifu kupita haki yake. Kwa miaka mingi aliamini kuwa maradhi huzaliwa na harufu mbaya, na alipinga wazo kwamba kuna vijidudu vinavyotoka kwa mtu hadi mtu. Katika sababu alikosea. Katika dawa alipatia, kwa kuwa dirisha lililo wazi hutoa harufu na vijidudu pamoja, wala halingoji mwenye nyumba ajue elimu gani. Vilevile si yeye peke yake aliyeuguza askari wa vita vile. Alikuwapo Mary Seacole, mwanamke mweusi wa Jamaika, aliyekwenda Crimea kwa nauli yake mwenyewe, na kwa muda mrefu vitabu vilimsahau.

Tangu mwaka wa 1857 Bibi Florence alikuwa mgonjwa wa kitandani kwa miaka mingi. Wako wanaosema ni homa aliyoipata Crimea, na wako wanaosema ni uzito wa zile hesabu. Akiwa kitandani aliandika barua kwa maelfu. Mwaka wa 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilianza katika hospitali ya St Thomas mjini London, na hospitali hiyo ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka wa 1871, ilifuata ramani aliyoipigania: kumbi ndefu zilizotengana, kila ukumbi una madirisha marefu pande zote mbili yanayokabiliana, ili upepo uingie huku utokee kule. Ukiingia katika hospitali nyingi kongwe za Afrika Mashariki ukakuta ukumbi mrefu wenye vitanda safu mbili na madirisha kila upande, jua kuwa uko ndani ya fikira yake. Aliishughulikia pia afya ya vijiji vya Bara Hindi kwa miongo mingi bila ya kukanyaga huko hata siku moja. Mwaka wa 1907 akawa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit, naye wakati huo alikuwa amekwisha kupoteza macho. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe pamoja na wafalme katika kanisa la Westminster, kama alivyotaka mwenyewe, akazikwa kijijini East Wellow karibu na wazazi wake.

Hapo nikanyamaza. Nikangoja Kukhu anishukuru kwa hadithi nzuri. Badala yake aliuliza jambo moja tu: wale askari, madirisha yalipofunguliwa, hawakufa kwa baridi? Mzee yule hakwenda shule hata siku moja, na swali lake ndilo lile lile lililomkesha Florence na Galton. Hewa safi isiyo na joto, mzee hataitaka. Joto lisilo na hewa safi litamwua mtoto. Anayemwambia bibi afungue dirisha na asimwambie atapataje joto, amesema nusu ya neno.

Basi usiku ule tukazungumza hiyo nusu ya pili. Yule binti wa uuguzi alitueleza kuwa moshi wa kuni ni unga mwembamba sana usioonekana, unaofika mwisho kabisa wa mapafu. Huleta nimonia kwa watoto, na kwa wazee huleta maradhi ya kifua na ya moyo, hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani uliua watu 3,200,000 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kukhu hakushtushwa na hesabu hizo, kwa kuwa mamilioni si kitu ambacho mtu hukiona. Alishtushwa na kukohoa kwa mmoja aliyekuwa mgongoni mwake.

Tuliyokubaliana hayakuwa makubwa. Matofali ya juu yatolewe pande mbili zinazokabiliana, na mahali pake patiwe wavu wa chuma, mwizi asipite lakini moshi upite. Mafiga yaondolewe, lijengwe jiko la udongo lenye kikombe cha kufinyangwa, lile liitwalo Upesi ambalo akina mama wa magharibi ya Kenya wamelitumia tangu miaka ya 1990, maana hula kuni chache. Juu yake iwekwe dohani ya bati inayotokea juu ya paa. Kuni zikatwe mapema na zianikwe, kwa kuwa kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Mahindi yapate ghala lake, na mbu wapate chandarua. Na Kukhu na mtoto walale nyumba kubwa, katika chumba kilicho upande wa jua la jioni, na blanketi mbili. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Alikubali kwa sharti kuwa ufunguo wa jiko utabaki kwake.

Rafiki yangu hakulala vizuri usiku ule. Asubuhi aliniambia kuwa matofali yale aliyaziba kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba alikuwa na furaha siku ile kuliko siku nyingi za maisha yake. Sikujua la kumwambia. Nilimkumbusha tu kuwa Florence naye alikuwa hivyo hivyo, na alipojua hakukaa akalia, alizibua.

Sasa, msomaji, ningeweza kuishia hapa nikaonekana mtu mwema niliyewafundisha wengine. Lakini nilirudi kwangu Mombasa. Naishi katika nyumba kuukuu ya mawe, iliyojengwa na watu waliojua hewa kuliko mimi. Walipandisha dari juu, wakaweka vipenyo juu ya milango, wakaacha kiwanda katikati pa kupumulia nyumba. Wenzao wa Lamu walikuwa na desturi ya kuliweka jiko juu kabisa darini, moshi uondoke na upepo wa kusi bila ya kupita kwa mtu. Mimi nilipopata vijisenti nikatia kiyoyozi chumbani, nikaziba vipenyo vyote kwa mbao na saruji ili ubaridi usipotee. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiamka na kichwa kizito na koo kavu, nikiulaumu umri.

Fundi niliyemwita alinieleza kwa maneno mepesi. Kiyoyozi cha namna yangu hakileti hewa mpya. Huivuta ile ile ya chumbani, huipoza na kuirudisha, usiku kucha. Alipolitoa chujio lake lilikuwa limevaa vumbi kama kofia ya manyoya. Nyuma ya kabati, ambako ukuta wa mawe hunywa unyevu na baridi ya mashine huukusanya, palikuwa na kuvu jeusi la upana wa mkeka wa kuswalia. Alisema kuwa hata katika majengo makubwa yenye mtambo mmoja wa kupoza jengo zima mambo ni hayo hayo: tundu la kuvutia hewa ya nje likifungwa ili kuokoa umeme, na machujio yasipobadilishwa, watu wote wa jengo hilo hupumua pumzi moja. Dunia ilikumbushwa jambo hili kwa uchungu wakati wa maradhi ya korona, mwaka wa 2020 na 2021, ilipodhihirika kuwa virusi vile huelea katika hewa ya vyumba vilivyofungwa, na kwamba kufungua dirisha ni kinga.

Nimevizibua vipenyo vyangu. Kuvu limesuguliwa, ukuta umepakwa chokaa, na chujio naliosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili. Alfajiri, nikitoka kuswali, nazima mashine na kufungua madirisha ya pande mbili kwa saa nzima, ingawa naletewa na kelele za jirani na harufu ya samaki. Kichwa changu kimekuwa chepesi.

Juzi rafiki yangu wa Ekero alinipigia simu. Wavu umetiwa, dohani imepanda, na mtoto hakohoi kama zamani, ingawa bado hajapona sawasawa. Kukhu amelalamika kuwa mahindi yake ya ghalani hayana ladha ya moshi. Ufunguo wa jiko, alinihakikishia, bado uko shingoni mwake.